Kirusi kipya kimetangazwa: taarifa ipi ya kushika leo, ipi ya kuvundika

Jumanne asubuhi, tarehe 1 Oktoba 2024, shemeji yangu alinipigia simu akiwa Nyakanazi, njia ya kwenda Rusumo, mpaka wa Tanzania na Rwanda. Ni dereva wa semi, na safari hiyo alikuwa na mzigo wa Kigali. Siku nne kabla, Ijumaa ya tarehe 27 Septemba, Rwanda ilikuwa imetangaza kuwa imeingiliwa na Marburg, ugonjwa wa kirusi wa jamii moja na Ebola. "Shem, huku mgahawani kila mtu kainamia simu. Wanasema unaua themanini na nane kwenye mia. Nivuke Rusumo au nigeuze?"

Hiyo 88 si uongo. Ndicho kiwango cha vifo cha mlipuko wa Marburg uliotokea mkoa wa Uíge, Angola, mwaka 2004 hadi 2005. Lakini taarifa ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyotoka jana yake kuhusu Rwanda yenyewe ilikuwa na namba tofauti: wagonjwa 26 waliothibitishwa, waliofariki 8, yaani asilimia 31. Na ndani yake kulikuwa na sentensi ambayo sikuiona ikisambazwa kwenye kundi lolote la WhatsApp nililomo: zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa hao walikuwa watumishi wa afya kutoka hospitali mbili za Kigali.

Ugonjwa mmoja, wiki moja, taarifa tatu, zote za kweli. Dereva angeweza kuifanyia kazi moja tu.

Tangu enzi za UVIKO-19 nimekuwa na tabia ya kusoma taarifa za mwanzo mwanzo za milipuko, zile za siku thelathini za kwanza. Nimezoea kuzichambua kama mtu anayechagua maembe: hili limeiva, la kula leo, hili zuri pia, ila livundikwe kwanza. Hapa chini nimeziweka mbili mbili. Kipimo changu ni kimoja: nikiishika taarifa hii leo na kesho ikaja kurekebishwa, nitakuwa nimepoteza nini?

Kiwango cha vifo, au siku za kuatamia?

Naanza na hizi kwa sababu ya kwanza ndiyo inayopendwa kuliko zote, na mimi ndiyo ninayoivundika muda mrefu kuliko zote.

Shule ya msingi tulifundishwa sehemu: namba ya juu inaitwa kiasi, ya chini inaitwa asili. Kiwango cha vifo ni sehemu ya namna hiyohiyo. Juu wapo waliokufa, chini wapo walioambukizwa. Mlipuko ukiwa mchanga, juu kunapungua na chini kunapungua, na hakuna anayejua wapi kumepungua zaidi. Tazama ilivyotokea:

| Mlipuko | Mwanzoni | Baadaye |
|---|---|---|
| SARS, 2003 | karibu asilimia 4 | asilimia 9.6 (774 kati ya 8,096) |
| Mafua ya H1N1, Mexico, 2009 | 7 kati ya 26 waliothibitishwa, hadi 29 Aprili | asilimia 0.4 katika makadirio ya Mei mwaka huohuo |
| UVIKO-19, China, 2020 | 6 kati ya 41, asilimia 15 | asilimia 2.3 kati ya 44,672, Februari |
| Marburg, Rwanda, 2024 | 8 kati ya 26, asilimia 31 | 15 kati ya 66, karibu asilimia 23 |

Mistari miwili ya kwanza inakwenda pande tofauti, na hapo ndipo penye somo lote. Kwenye SARS, ugonjwa wa mapafu ulioanzia China, waliokufa waligawanywa kwa wagonjwa wote waliojulikana, wakiwemo waliokuwa bado kitandani, hawajapona wala hawajafa. Namba ikaonekana ndogo kwa kuwa vifo vilikuwa njiani. Tarehe 7 Mei 2003 WHO ikaipandisha hadi asilimia 14 au 15, na hesabu ya mwisho ikatua chini kidogo ya 10. Kosa lilikuwa kwenye kiasi.

Kwenye mafua ya Mexico, kosa lilikuwa kwenye asili. Waliopimwa mwanzoni ni wale waliofika hospitali wakiwa hoi. Maelfu waliokohoa siku tatu wakanunua dawa dukani na kurudi kazini hawakuwa kwenye daftari la mtu. Aliyesoma "7 kati ya 26" angedhani dunia inaisha. Wanasayansi walipokadiria watu wangapi waliambukizwa kweli, namba ikaanguka chini ya asilimia moja.

UVIKO-19 ulichanganya makosa yote mawili, ndiyo maana tulivurugwa kiasi kile. Wale 41 wa Wuhan waliandikwa kwenye jarida la Lancet tarehe 24 Januari 2020 na walikuwa wagonjwa waliolazwa, si sampuli ya mji. Tarehe 3 Machi mkuu wa WHO, Tedros, akataja asilimia 3.4 ya wagonjwa walioripotiwa duniani, na vyombo vya habari vikadondosha neno "walioripotiwa" wakati wa kutafsiri. Asili ya kuaminika ya mapema ilipatikana mahali pa ajabu: meli ya Diamond Princess iliyowekwa karantini Yokohama. Humo watu walijulikana idadi yao, 3,711, na walipimwa hata wasio na dalili. Walioambukizwa wakawa 712. Wengi walikuwa wazee, kwa hiyo nayo ina walakini wake, lakini angalau hakuna aliyekuwa nje ya daftari.

Mstari wa Marburg una jambo jingine. Kagera mwaka 2023 walipatikana wagonjwa 9, wakafa 6. Biharamulo mwanzoni mwa 2025 walihesabiwa 10, wawili wamethibitishwa maabara na wanane wa kushukiwa sana, na wote walifariki. Rwanda walikufa 15 kati ya 66. Kirusi ni kilekile, ila Kigali wagonjwa wengi walikuwa wauguzi na madaktari waliogunduliwa mapema, wakapata wodi ya uangalizi maalumu, dawa za majaribio, na wengine mashine ya kupumulia. Kwa hiyo "inaua asilimia 88" haielezi kirusi peke yake. Inaeleza kirusi, hospitali, na siku ambayo mgonjwa alifikishwa mlangoni.

Sasa linganisha na siku za kuatamia, yaani muda kutoka mtu anapoambukizwa hadi anapoanza kuumwa. Tarehe 29 Januari 2020 watafiti wa China walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 425 wa mwanzo wa Wuhan. Wastani wa kuatamia waliusema ni siku 5.2. Unajua waliupata kwa wagonjwa wangapi? Kumi tu. Na namba hiyo ya watu kumi ilidumu: kwa kirusi kile cha mwanzo, tafiti kubwa zilizofuata zilibaki kwenye siku tano au sita. Wakati huohuo kiwango cha vifo kilichotoka kwa watu 44,672 kilikuwa kinaendelea kubadilika.

Sababu yake ni nyepesi. Siku za kuatamia hazina asili. Huhitaji kujua wangapi wameambukizwa nchini. Unahitaji mtu anayekumbuka alikutana na mgonjwa lini na homa ikampanda lini. Tarehe mbili, basi. Ndiyo maana hii naishika mapema: inaniambia nijiangalie siku ngapi baada ya msiba, baada ya safari, baada ya kumuuguza mtu. Marburg ni siku 2 hadi 21. Hata kama baadaye watasema 19, sijapoteza kitu.

Waliohesabiwa, au waliokadiriwa?

Katikati ya Januari 2020, hesabu rasmi ya Wuhan ilisimama kwenye wagonjwa 41. Tarehe 17 Januari kundi la Imperial College, London, likatoa karatasi fupi. Wao hawakuwa na daftari la hospitali yoyote ya Wuhan. Walikuwa na wasafiri watatu tu: wawili waliogundulika Thailand na mmoja Japani. Wakajiuliza: kama wanaopanda ndege ya kimataifa kutoka mji ule ni wachache hivi kwa siku, na tayari watatu wamekutwa na ugonjwa, mjini kwenyewe watakuwa wangapi? Jibu lao lilikuwa 1,723.

Ukisoma karatasi yenyewe utaona kwamba waliweka mpaka wa chini 427 na wa juu 4,471. Ni mpana mno. Fundi ukimuuliza bei ya kabati akakujibu hivyo utamkimbia. Lakini hata ule mpaka wa chini ulikuwa mara kumi ya hesabu rasmi, na hilo ndilo lililokuwa na maana. Makadirio yanaweza kukosea namba na bado yakapatia ukubwa.

Kati ya hizi mbili mimi nachagua makadirio, kwa sharti kwamba yamekuja na mipaka yake. Makadirio yanayotaja namba moja tu bila "kati ya hapa na pale" nayaona sawa na utabiri wa mpira. Hesabu rasmi siitupi, ila naisoma kama hesabu ya vipimo: walioonekana ni hawa, kwa vifaa vilivyopo, hadi jana. Maabara ikipata vitendanishi (kemikali za kupimia) zaidi, wagonjwa "wataongezeka" usiku mmoja bila kirusi kufanya lolote.

Maabara, au daktari wa wodini?

Hapa mashabiki wa maabara huwa wana hoja nzuri. Tarehe 11 Januari 2020 mpangilio wa vinasaba vya kirusi cha Wuhan uliwekwa hadharani na timu ya Profesa Zhang Yongzhen wa Shanghai, kupitia mwenzake Edward Holmes aliye Australia. Siku mbili baadaye, tarehe 13, WHO ilikuwa tayari imechapisha maelekezo ya kipimo yaliyoandaliwa na maabara ya Charité, Berlin. Wajerumani wale hawakuwa wameshika hata tone moja la sampuli kutoka Wuhan. Walisoma herufi za vinasaba, wakatengeneza kipimo.

Vinasaba ndiyo taarifa ngumu kuliko zote za mwanzo, kwa maana ya ugumu wa jiwe. Haina "kati ya hapa na pale". Kama herufi zimesomwa vizuri, hazibadiliki kesho. Ila haijibu swali la mtu wa kawaida. Haikuambii nani anaumwa, wala ameupataje.

Mwaka 2017 mpox, ugonjwa wa vidonda vya ngozi uliokuwa ukiitwa ndui ya nyani, iliibuka upya Nigeria baada ya karibu miaka arobaini. Daktari Dimie Ogoina wa Bayelsa aliona jambo ambalo halikuwa kwenye vitabu: wagonjwa wake wengi hawakuwa watoto wa vijijini wanaoshika wanyama wa porini. Walikuwa vijana wa mjini, na vidonda vyao vilikuwa sehemu za siri. Aliandika kwamba huenda ugonjwa unapita kwenye kujamiiana. Wachache walimsikiliza. Mei 2022 ugonjwa ulipoingia Ulaya na Amerika kwa njia hiyohiyo, dunia ikashangaa kama kwamba hakuna aliyesema.

Kisha Kamituga. Huu ni mji wa machimbo ya dhahabu, Kivu Kusini, Kongo, mahali ambapo Kiswahili ndicho cha sokoni na cha shimoni. Kuanzia Septemba 2023 hospitali ya pale ikaanza kupokea watu wazima wenye mpox, wakati Kongo yote ilizoea kuuona ugonjwa huu kwa watoto. Kati ya washukiwa 241 wa miezi ya mwanzo, 108 walithibitishwa. Umri wa kati ulikuwa miaka 22, na karibu theluthi moja walikuwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Wauguzi waliona mtindo huo kwa macho kabla ya mashine yoyote.

Mashine zilipofika zilileta mambo mawili. La kwanza: kirusi kilikuwa kimepoteza kipande cha vinasaba, kipande hichohicho ambacho kipimo kimojawapo cha kutambua mpox ya tawi la kwanza, moja ya koo kuu za kirusi hicho, kilikitegemea. Mtu angeweza kuwa na vidonda mwili mzima na kipimo kile kisimtambue. La pili: mabadiliko madogo madogo kwenye vinasaba yalikuwa na alama ambayo mwili wa binadamu huiacha unapopambana na kirusi. Maana yake kilikuwa kimepita mtu hadi mtu kwa muda, hakikuwa kinarukia watu upya kutoka kwa wanyama. Kitawi hicho kipya cha Kamituga kikaitwa Ib. Julai 2024 kilikuwa kimefika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, na tarehe 14 Agosti WHO ikatangaza dharura ya kimataifa.

Ukinilazimisha kuchagua moja kwa wiki mbili za kwanza, namchagua daktari wa wodini. Maabara isiyomsikiliza daktari ingeendelea kupima Kamituga kwa kipimo kipofu. Kwa upande wa pili, daktari asiye na maabara angejua ugonjwa unapita wapi, asijue kwamba amekutana na kitu kipya. Basi kuanzia wiki ya tatu nataka wote wawili wawe wanaongea.

Rasimu, au jarida?

Rasimu ni utafiti uliowekwa hadharani kabla wahakiki hawajaupitia. Jarida ni ule uliopitiwa. Ushauri wa kawaida ni "subiri jarida". Siupingi, ila siuamini kama wanaoutoa.

Tarehe 31 Januari 2020 watafiti wa New Delhi waliweka rasimu iliyodai kwamba kirusi kipya kina vipande "vinavyofanana" na vya VVU, na kwamba si rahisi iwe bahati tu. Mtandaoni ikageuka kuwa kirusi kimetengenezwa maabara. Wanasayansi wenzao waliishambulia hadharani ndani ya saa chache, wakionyesha kwamba vipande hivyo ni vifupi mno na hupatikana kwenye viumbe tele. Haikumaliza wiki, ikaondolewa na wenyewe.

Tarehe 22 Mei mwaka huohuo Lancet, jarida lenye umri wa karibu karne mbili, lilichapisha utafiti uliopitiwa na wahakiki kuhusu hydroxychloroquine, dawa ya malaria iliyokuwa ikijaribiwa kwa UVIKO-19. Utafiti ulisema dawa hiyo inahatarisha wagonjwa, na ulidai kutumia kumbukumbu za wagonjwa 96,000 kutoka hospitali 671 za mabara sita. Siku tatu baadaye WHO ikasimamisha kwa muda majaribio ya dawa hiyo. Wasomaji wakaanza kuuliza: hospitali gani hizo? Za Afrika zenye kumbukumbu za kielektroniki za kina namna hiyo ziko wapi? Kampuni iliyosema ina takwimu ikashindwa kuzionyesha. Tarehe 4 Juni utafiti ukafutwa.

Kuna na mfano wa tatu, ambao naupenda kwa sababu hauna upande. Tarehe 30 Januari 2020 jarida la New England lilichapisha barua ya madaktari wa Ujerumani: mgeni kutoka China aliwaambukiza wenzake kazini Bavaria akiwa hana dalili zozote. Baadaye ikajulikana kwamba waandishi hawakuwa wameongea naye. Alipopigiwa simu na mamlaka za afya ilibainika alikuwa na maumivu na uchovu kidogo, na alimeza dawa ya kutuliza. Ushahidi ukawa na tobo. Lakini jambo lenyewe, kwamba mtu anaweza kuambukiza kabla hajajijua ni mgonjwa, likaja kuwa kweli na ndilo lililoishinda dunia.

Kwa hiyo kwenye jozi hii sichagui kwa muhuri. Naangalia kama takwimu ziko wazi watu wengine wazikague. Rasimu yenye takwimu wazi naiweka mbele ya jarida lenye takwimu zilizofungiwa kabatini. Na rasimu yoyote inayokuja na maneno ya mshangao kwenye kichwa chake, naivundika bila kuuliza.

"Hakuna ushahidi", au tahadhari isiyo na jina?

Tarehe 30 Desemba 2019 daktari wa macho wa Wuhan, Li Wenliang, aliwaandikia wenzake aliosoma nao kwamba kuna wagonjwa 7 wa SARS waliohusiana na soko la vyakula vya baharini, na wachukue tahadhari. Aliitwa polisi na kuonywa kwa kueneza uvumi. Alifariki Februari kwa ugonjwa huohuo.

Tarehe 14 Januari 2020 WHO iliandika kwamba uchunguzi wa awali wa mamlaka za China haujapata ushahidi wa wazi wa kuambukizana mtu na mtu. Siku sita baadaye Dakta Zhong Nanshan, bingwa wa magonjwa ya mapafu, akathibitisha kwenye televisheni ya China kwamba unaambukizana.

Linganisha sasa. Ujumbe wa Li ulikosea jina: haikuwa SARS, ilikuwa ndugu yake. Lakini agizo lake, jikingeni, lilikuwa sahihi. Sentensi ya WHO haikukosea neno hata moja. Kweli ushahidi wa wazi haukuwa umepatikana. Ila aliyeisikia aliondoka nayo hivi: haiambukizi. "Hatujaona" na "hakuna" ni vitu viwili, na Kiswahili chetu cha habari kina tabia mbaya ya kuviunganisha.

Majibu hasi ya maabara yana mtego uleule. Kwa Ebola na Marburg, sampuli iliyochukuliwa ndani ya siku tatu za kwanza za dalili inaweza kutoka hasi kwa kuwa kirusi bado ni kidogo kwenye damu, inabidi kurudia. Katikati ya Januari 2025 WHO ilitoa taarifa ya wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na Marburg Biharamulo, wizara ya afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa zimetoka hasi, na tarehe 20 Rais Samia, akiwa na Tedros Dodoma, akathibitisha mgonjwa mmoja. Watu wengi waliisoma kama ligi: nani kashinda, nani kashindwa. Mimi niliisoma kama kawaida ya wiki ya kwanza.

Ila haki itendeke kwa upande wa pili pia, maana si kila ugonjwa usio na jina ni balaa jipya. Julai 2022 Lindi kulikuwa na watu wanaotoka damu puani na kuanguka. Minong'ono ya Ebola ikaanza. Wagonjwa 20, vifo 3. Maabara ikarudi na jibu: homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwenye mkojo wa wanyama, na unatibika kwa dawa za kawaida. Na ule "ugonjwa usiojulikana" wa Panzi, mkoa wa Kwango, Kongo, uliotikisa dunia Desemba 2024, ulionekana kuwa malaria na maambukizi ya njia ya hewa kwa watoto waliokuwa na utapiamlo.

Basi nani ashike ipi

Dereva, mfanyabiashara wa mpakani, mtu wa mishe mishe: shika "wanaougua ni kina nani na wameupatia wapi", kisha siku za kuatamia. Kiwango cha vifo hakikusaidii kuamua kama uvuke.

Muuguzi wa zahanati: shika wanachoona wenzako wodini, hata kama hakina jina, na usikubali jibu hasi moja likuvue glavu. Kigali walioumia zaidi ni ninyi.

Mtangazaji wa redio: chukua makadirio lakini soma mipaka yote miwili hewani. Itakugharimu sekunde nne. Na neno "walioripotiwa" lisidondoke.

Msimamizi wa kundi la familia ana kazi ngumu kuliko wote, na kwake sina zaidi ya hili: kinachomtaka mtu anawe mikono, asishike maiti, asimguse mgonjwa bila kinga, kiache kipite hata kabla hakijathibitishwa. Kinachomtaka mtu anywe kitu, amkimbie jirani au amtukane mgeni, kizuie hata kama kimeandikwa na profesa.

Shemeji alivuka Rusumo siku ile. Nilimsomea ile sentensi ya watumishi wa afya, akaniuliza kama ana sababu yoyote ya kuingia hospitali ya Kigali, akajijibu mwenyewe. Alishusha mzigo, akalala kwenye gari, akarudi.

Januari iliyofuata alinipigia tena, safari hii kutoka Lusahunga, ambako malori hulala na ambako ni wilaya ya Biharamulo yenyewe. Hakuuliza unaua wangapi. "Shem, wameupatia wapi hawa?" Nikamwambia kilichokuwa kimeandikwa hadi jana yake, pamoja na ubishi wake wote. Akasikiliza, akasema anamalizia chai anaondoka. Halafu akaongeza kwamba mama ntilie wa pale ameshaweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni, tangu juzi, na anayepita bila kunawa hauziwi kitumbua.